Miaka Ishirini Bila Kuomba

Orlecote
16 Januari 2023

Dada Hilary,

Salamu kutoka kwenye matope. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kwenye kadi ya Krismasi kimekuachia. Kadi yenyewe ilikuwa na maneno manne, nimeyahesabu: "Bado nakohoa. Heri. Hilary." Nimeiweka juu ya meko mpaka leo kwa sababu sijapata kadi nyingine ndefu zaidi.

Huku sote wazima. "Sote" siku hizi ni watu kumi na mmoja, mbwa wanne, na bata wa Bi Enid Lowther ambaye hana shukrani. Goti langu la kushoto limestaafu kabla yangu. Mengine yanaendelea kazini kwa malalamiko.

Najua ungeshangaa kuona barua badala ya simu. Lakini kwenye simu mimi na wewe huwa tunakatizana, kisha mmoja anakumbuka ameacha kitu jikoni. Kwenye barua lazima unisubiri nimalize.

Habari yenyewe ni hii. Njia imefungwa.

Unajua ni njia ipi, maana hatuna nyingine. Ile inayotoka kwetu, inapita kwenye shamba la Mzee Gwilliam, inapanda na kushuka juu ya vile vivimbe vya udongo vilivyobaki kwa nyumba za zamani, mpaka kanisani. Mzee alifariki miaka miwili iliyopita, na shamba limenunuliwa na bwana mmoja anaitwa Rufus Pelham, mstaarabu kabisa, ana miwani mizuri na anataka kupanda zabibu. Zabibu, Hilary, kwenye mvua hii. Siku ya mwaka mpya akaweka mnyororo na kufuli langoni, na kibao: "Ardhi binafsi. Asanteni kwa kuelewa."

Bi Enid alifika hapo na kigari chake cha kusukuma akitembea, na maua ya kaburi la mumewe. Akasoma kibao mara mbili. "Kuelewa nini?" akaniuliza. "Mimi sijaelewa chochote."

Nikaenda kuzungumza na bwana Pelham. Akasema, "Bwana Prosser, si jambo la kibinafsi hata kidogo." Nami, mzee wa kanisa, niliyechaguliwa kwa sababu nilikohoa wakati wengine wamenyamaza, nikamwambia samahani kwa kumsumbua. Nilimwomba radhi mara tatu mtu aliyenifungia njia. Ya tatu nilikuwa nimeshafika nyumbani, nikamwambia mbwa.

Barabara ya kuzungukia ni karibu maili nzima, haina pa kukanyaga mtu wa miguu, na lori la maziwa linapita kona ile kana kwamba linafukuzwa. Bi Enid hawezi. Wengi hawawezi. Ibada ni mara moja kwa mwezi, na ofisi ya askofu inahesabu vichwa. Tukipungua zaidi wataweka kufuli lao kanisani, na hapo Mama na Baba watabaki makaburini peke yao na kondoo.

Lakini kuna sheria. Njia ikipitwa na watu miaka ishirini mfululizo, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kumwomba mwenye shamba ruhusa, inakuwa ya umma moja kwa moja, na hakuna wa kuifunga. Halmashauri inataka watu sita wajaze fomu. Ninao watano. Wewe uliishi hapa na Mama mpaka 2009, kwa hiyo wewe ndiye wa sita. Fomu nimeiambatanisha, na bahasha yenye stempu, ili usipate kisingizio.

Wako mwenye matope,
Mdogo wako, Howard


Orlecote
19 Februari 2023

Dada,

U hali gani? Mimi sijambo, ila nina wasiwasi na posta. Ama na posta, ama na wewe.

Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikuwa watatu kanisani: kasisi, mimi, na mtu kutoka Bristol aliyekuja kutazama lile birika la ubatizo la zamani, akaona aibu kuondoka ibada ilipoanza. Tulimwimbisha nyimbo nne. Hatarudi.

Bi Enid ana wiki saba hajafika kwenye kaburi la mumewe, Albert. Ananipa maua niyapeleke mimi. Wiki iliyopita nikayaweka kwa Albert mwingine, yule wa 1911, na Bi Enid akajua. Sijui alijuaje. Alinitazama tu kwenye dirisha lake akasema, "Umekosea kaburi, wewe," nikarudi kwenye barabara ya malori kwa mara ya pili siku hiyo, nikiwa na kizibao changu cha njano kama mfanyakazi wa reli aliyepotea.

Nimechoka kidogo, dada. Si kuchoka kwa kulala ukaamka mzima.

Fomu ina kurasa nne tu.

Mdogo wako,
Howard


Hull
4 Machi 2023

Howard,

Mimi ni mzima. Kikohozi kimeisha tangu Januari. Pole kwa goti.

Fomu yako nairudisha tupu. Si kwamba sikutaka kuijaza. Nilikaa nayo mezani, nikaweka jina, nikaweka tarehe ya kuzaliwa, nikafika swali la tisa: "Je, wewe au mtu yeyote unayemjua aliwahi kuomba au kupewa ruhusa ya kupita?" Nikaweka kalamu chini, nikaenda kupika chai, nikarudi, swali bado lipo.

Umesahau, au unataka mimi nisahau kwa niaba yako?

2006, Mama alipoanza kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Nilikuwa namsukuma mimi kila Jumapili, na hakuna aliyetuuliza kitu. Wewe ukaja wikendi, ukaona matairi yamekwaruza nyasi, ukaandika barua kwa Gwilliam kumwomba kama hatajali tukipita na kiti. Mama alikuwa ameketi pale pale. Akakuambia, "Howard, usimwombe Eustace Gwilliam kitu ambacho si chake." Wewe ukasema ni adabu tu. Gwilliam akajibu nyuma ya pakiti ya mbegu za kabichi: "Bila shaka. Nyote. Wakati wowote."

Na hukuishia hapo. Krismasi ile ukampelekea chupa ya pombe ya jini uliyoitia matunda mwitu, na kadi: "Asante kwa kuturuhusu kupita shambani kwako." Ukapita nyumba kwa nyumba kila mtu aweke sahihi. Na mwaka uliofuata. Na uliofuata. Mpaka ikawa mila ya kijiji, kama kupunguza ua wa miti au kulalamikia mvua.

Sasa niambie hao watano wako wamejibuje swali la tisa.

Dada yako,
Hilary


Orlecote
26 Machi 2023

Dada Hilary,

Salamu, na pole kwa kuchelewa. Natumaini u mzima. Mimi afya ipo, heshima ndiyo imeugua.

Wanne waliandika "Hapana". Walikuwa wakweli kabisa. Hakuna aliyewahi kuona kwamba kusema asante ni sawa na kuomba. Sisi hapa tunamshukuru dereva wa basi kwa kutushusha kituo tulichokilipia. Wa tano ni Bi Enid. Yeye aliandika kwa mwandiko wake mzuri, kwa wino: "Ndiyo. Kila mwaka. Bwana Gwilliam alikuwa mwungwana sana na alizipenda kadi zetu." Akapigia mstari "sana". Nilikaa na fomu ile siku tatu nikitamani mbwa aile.

Hata angeila isingesaidia. Bwana Pelham alinunua nyumba pamoja na vyombo, na kwenye kabati la jikoni akazikuta kadi. Kumi na tano, Hilary. Mzee alizifunga kwa uzi wa kufungia marobota ya nyasi. Bwana Pelham akatoa nakala, akazipeleka halmashauri, na mimi akaniletea nakala zangu mlangoni, na kijibarua: "Nimesikitika kulazimika kufanya hivi. Zinapendeza mno." Nikamwambia asante. Ndiyo. Nilisema.

Nilizipanga kwenye meza. Mwandiko wangu unazeeka kadi hadi kadi. Ya mwaka 2009, miezi miwili tu baada ya kumzika Mama, nimeandika: "Kwa uvumilivu wako wote kwa familia yetu." Nikaifunika kwa gazeti.

Jumapili ya Akina Mama, tarehe kumi na tisa, sikuweza kwenda kaburini. Si kwa sababu ya lori. Niliona haya.

Baada ya hapo akaja ofisa wa njia kutoka halmashauri, Bi Prudence Okell, mwanamke wa makamo kama mimi, ana mafua, ana mafaili kwenye mfuko wa sokoni. Alikula biskuti saba, kisha akasema, "Bwana Prosser, miaka yako ishirini imekufa. Mmemshukuru mtu mpaka mmempa njia yenu."

Nikamwambia, "Samahani."

"Usiniombe radhi mimi. Ndiyo ugonjwa wenu. Kila kijiji ninachokwenda nakuta keki, kadi, chupa." Akachukua ya nane. "Sasa sikiliza. Ruhusa ya 2006 haiwezi kuua njia kama njia ilikuwa imeshakuwa ya umma kabla ya hapo. Je, kuna wakati wowote, zamani, mtu aliwahi kuifunga, na wenyeji wakakataa waziwazi? Tukipata siku hiyo, tunahesabu ishirini kurudi nyuma kutoka hapo, na kadi zako hazigusi kitu. Lakini nahitaji mashahidi walioona. Waliosikia hawanifai."

Alinitazama. Nami nikasema sikumbuki.

Wewe unajua, Hilary, na mimi najua. Sijui kwa nini mdomo ulikataa. Miaka hamsini nimekuwa nikimwombea Mama radhi kwa ajili ya siku ile, hata watu walioisahau nimewakumbusha ili niwaombe radhi. Sasa mwanamke mwenye mafua anauliza kwa upole, na mimi namficha mama yangu kama mtu aliyeiba.

Sikuandikii nikuombe chochote. Au ndiyo, nakuomba. Sijui tena tofauti.

Mdogo wako,
Howard


Hull
2 Mei 2023

Howard,

Natumaini u mzima, na goti halijambo. Mimi naendelea vizuri.

Imenichukua wiki tano kwa sababu niliandika maelezo haya mara nyingi, na kila mara nilikuwa nakugombeza wewe ndani yake, na Bi Okell hayamhusu. Haya ya ofisa yako kwenye bahasha nyingine, safi, yenye sahihi yangu. Haya hapa ni yako.

Ilikuwa Jumapili, tarehe tisa Juni 1974. Mimi miaka kumi na mitatu, wewe tisa. Gwilliam alikuwa ameweka mnyororo Ijumaa kwa sababu alitaka kufuga fahali pale, na kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilisema "Jamani" halafu kikaenda kunywa chai. Watu thelathini na kitu walikuja wamevaa vizuri, wakasimama mbele ya lango, wakaanza kuzungumza habari za hali ya hewa. Wengine walishageuka kwenda barabarani.

Mama alikuwa na kofia yake ya buluu ya harusini. Akafungua mkoba, akatoa msumeno wa Baba wa kukatia chuma. Hakuharakisha. Alivua glavu kwanza, akanipa mimi. Ilichukua muda mrefu kuliko unavyoona kwenye sinema. Kuna wakati alipumzika, akajipangusa, akaendelea. Gwilliam akaja mbio kutoka zizini. Alikuwa kijana bado, uso umemwiva.

"Winifred! Hiyo ni mali yangu!"

"Mnyororo ni wako, Eustace," Mama akamwambia. Akauokota, akaukunja vizuri, akamwekea mkononi kama anavyomrudishia mtu chenji. "Chukua. Njia si yako."

Akapita. Mimi nikapita. Wewe ulikuwa umeshika kofia ya Baba, ukapita ukiwa unalia, na Baba nyuma yako, mwekundu kama bendera. Kisha watu wote thelathini wakapita, wakitazama viatu vyao. Gwilliam hakufunga tena lango lile maisha yake yote.

Na unajua walimlipa Mama nini? Walimtoa kwenye zamu ya maua ya kanisa. Hawakumwambia. Orodha ya Julai ilipobandikwa mlangoni, jina lake halikuwemo, basi. Miaka kumi na minane alikuwa akipanga maua ya Pasaka, na watu wakapita kwenye njia aliyowafungulia kwenda kupanga maua bila yeye. Bi Enid ndiye aliyeandika ile orodha. Namtakia kila la heri, lakini ndiye.

Wewe ulijifunza jambo siku ile, nami nikajifunza jingine. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Ninacholaumu ni siku ya mazishi. Ulisimama mbele ya jeneza kusoma wasifu wake, ukasema alikuwa "mkali lakini mwenye moyo mzuri", watu wakacheka, kisha ukamgeukia Gwilliam kwenye benchi la mbele ukamshukuru kwa kutuvumilia na kutupitisha shambani kwake. Mama hajafunikwa bado. Ndiyo maana niliondoka kabla ya chai. Ulikuwa ukidhani ni habari za nyumba na vyombo. Sikutaka hata kijiko.

Maelezo yangu nayatoa kwa sharti moja. Andika na ya kwako. Usiandike kwamba umesikia kwangu. Ulikuwepo. Uliona. Na usiweke neno "kwa bahati mbaya" mahali popote.

Dada yako,
Hilary


Orlecote
3 Julai 2023

Dada Hilary,

Salamu. Natumaini hujambo na joto halijakuzidi huko. Hapa limekausha hata matope, na bata wa Bi Enid amehamia kwenye beseni langu la kufulia.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini. Sikujua habari ya kijiko. Sikujua kwamba ni mazishi. Miaka kumi na minne nimekuwa nikikuwekea kabati la Mama, kubwa lile, nikidhani siku moja utalitaka na yataisha. Limejaa viatu vyangu.

Maelezo nimeyaandika. Toleo la kwanza lilianza "Kwa masikitiko makubwa". Nikalichana. La pili lilikuwa na "ingawa". La tatu lina sentensi kumi na moja na halina adabu yoyote, nikalipeleka posta mbio kabla sijalirekebisha.

Halafu nikaenda kwa Bi Enid. Nilidhani itakuwa vita. Nikamsomea yako, yote, mpaka sehemu ya mnyororo. Ile ya orodha ya maua haikuwa kwenye karatasi ya ofisa, lakini nilimwambia kwa mdomo. Akawa anakunja kona ya kitambaa cha meza. "Nilikuwa na miaka arobaini," akasema. "Mtu wa miaka arobaini anajua anachofanya. Nipe kalamu." Ameandika kwamba alianza kupita njia ile 1953 alipoolewa hapa, kila wiki, na hakuna aliyeomba wala kupewa ruhusa, mpaka siku ya mnyororo. Mwishoni akaandika: "Winifred Prosser alikata. Mimi nilitazama viatu vyangu." Bi Okell ameniambia kwenye simu kwamba kwa miaka ishirini na mbili ya kazi hajapata ushahidi mzuri kama huo, kisha akapiga chafya.

Ombi limepokelewa. Tuko namba mia mbili na kumi na mbili kwenye foleni. Anakadiria miaka tisa. Nilidhani amesema miezi. Nitakuwa na sitini na saba. Bi Enid atakuwa na tisini na nane, na ameniambia nisimhesabie.

Sasa bwana Pelham. Mwanasheria wake alipoona karatasi zetu alimshauri aondoe mnyororo mara moja, na badala yake aweke kibao kipya: "Mnapita kwa hisani ya mwenye shamba." Bi Okell akanionya. "Piteni," akasema, "lakini msipokee hisani. Hata neno moja. Akiwapa, mwambieni." Mimi nikamwambia hilo ni jambo dogo.

Jana ilikuwa ibada. Tulikuwa tisa! Tumefika langoni, na nani amesimama pale kalishikilia wazi, kavaa shati jeupe? "Karibuni, karibuni sana," anasema. "Piteni tu, mnaruhusiwa. Bi Lowther, angalia hilo jiwe."

Hilary, sote tisa tulisimama kama ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na "asante" mdomoni, imemjaa kama kiazi cha moto. Nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akianza "Aa…", mkewe akamkanyaga. Nami nilikuwa nataka kuisema kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mtu amekushikilia lango! Jua linawaka! Nimefundishwa kuisema kabla sijafundishwa kutembea.

Nikasema, "Bwana Pelham, hatupiti kwa ruhusa yako."

"Samahani?"

"Hatujaomba. Tunapita tu. Tulikuwa tunapita kabla yako."

"Lakini nimewafungulia," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli, si wa mtu mbaya.

"Ndiyo," nikasema. "Nimeona."

Ningeongeza neno moja, lingekuwa samahani. Tukabaki tunatazamana, yeye mwekundu, mimi mwekundu, mpaka Bi Enid akanigonga kwenye kisigino kwa gurudumu lake. "Howard, tembea. Maua yananyauka."

Nikatembea. Sikujisikia shujaa, dada, usije ukanichekea. Mikono ilikuwa inatetemeka hata sikuweza kushika kitabu cha nyimbo, na katikati ya wimbo wa pili nilitoka nje nikakaa kwenye kivimbe kimoja cha nyumba za zamani mpaka moyo ukatulia. Bi Enid mwenyewe alimpelekea Albert maua yake, Albert sahihi. Kisha akachomoa matatu, akaenda kwa Mama, polepole, gurudumu linazama kwenye nyasi, akayaweka. Sikumsaidia. Nilijua hataki.

Asubuhi hii bwana Pelham tumekutana dukani na akageukia upande wa sabuni. Miaka tisa ya hivyo. Kila Jumapili ya kwanza lango, shati jeupe, na mimi na yale maneno. Nimechoka hata kabla ya Agosti. Nilikuwa mtu wa kupendwa na kila mtu, Hilary. Sikuwa na kipaji kingine.

Nilipaswa kuyasema maneno yale ya langoni ukiwa umekaa benchi la mbele, miaka kumi na minne iliyopita. Sikuyasema. Hilo sina la kulifanya sasa zaidi ya kukuandikia.

Ibada ijayo ni tarehe sita Agosti, saa tano asubuhi.

Mdogo wako,
Howard


Hull
12 Julai 2023

Mdogo wangu Howard,

Natumaini mikono imetulia. Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma kwenye foleni ya daktari wa meno, nikarudia, na jina langu lilipoitwa sikusikia.

Nitafika Jumamosi tarehe tano. Treni inaingia Leominster saa tisa na dakika kumi alasiri. Usije na hotuba, njoo na gari tu. Viatu vyako viache humo humo kabatini.

Kuhusu bwana Pelham, kuna jambo umelichanganya, na umelichanganya tangu una miaka tisa. Mama alimsalimia Gwilliam kila siku ya Mungu baada ya ile Jumapili, miaka thelathini na mitano. "Habari za asubuhi, Eustace. Mama yako hajambo?" Mama yake alipougua, alimpelekea supu kwenye sufuria yetu ya buluu. Hakumchukia hata siku moja. Alikataa tu kumshukuru kwa kitu kimoja. Kwa hiyo ukimkuta tena kwenye sabuni, msalimie. Muulize zabibu zinaendeleaje. Hiyo adabu uliyonayo si ugonjwa, uliimwaga pasipo pake tu.

Jumapili nitatembea upande wa Bi Enid. Tuna mazungumzo yetu, mimi na yeye, na hayatachukua miaka tisa. Wewe utatangulia. Atalishikilia lango, atasema maneno yake, nawe utasema ya kwako. Ukitetemeka, tetemeka unatembea.

Dada yako,
Hilary